Yadi ya matatu, kompresa na kilo 80 za haidrojeni: kisa cha sacco moja Embakasi

Niseme mapema, mimi si adui wa haidrojeni. Naandika hii juu watu wananiuliza kila mara ile kitu ya sacco iliishia wapi, na kila mtu ameisikia nusu nusu, kuna wanaosema nilichoma dili ya wenyewe na kuna wanaosema niliokoa pesa za wazee. Hakuna kati ya hao amekosea kabisa. Lakini iko na hesabu, kwa hivyo tafuta chai ukae.

Kisa chenyewe ni hivi. Katikati ya 2024 sacco moja ya matatu, jina naliacha, iko na yadi kubwa upande wa Embakasi, ilitembelewa na kampuni ilitaka kuwajengea kituo cha haidrojeni safi hapo hapo ndani ya yadi. Kwa mpango wao kungekuwa na elektrolaiza, yaani mashine inachukua maji na stima inayapasua, huku haidrojeni huku oksijeni. Halafu kompresa ya kuishindilia hiyo gesi, matangi ya kuiweka, pampu ya kujazia gari, na mabasi 5 makubwa yanayotumia hiyo gesi kutengeneza stima ndani ya gari yenyewe, kwa egzosi kinatoka mvuke wa maji tu. Sacco ingetoa kipande cha ploti, ichukue mkopo wa sehemu ya bei ya mabasi, na isaini kununua gesi kutoka kwa hao jamaa miaka 10. Pale kwa miaka 10 mweka hazina akafunga faili, akasema kabla mtu ashike kalamu hizi karatasi zisomwe na mtu ambaye hali kwa hiyo sahani. Mimi ni fundi wa stima wa digrii, kazi zangu nyingi ni sola na mashine za viwanda vidogo Industrial Area, si mtaalamu wa gesi. Nikaitwa.

Mwenyekiti hakuwa mjinga kutaka hii kitu, hiyo nataka ieleweke. Mzee amekuwa kwa matatu tangu zamani, anakumbuka Oktoba 2023 EPRA, ile mamlaka ya serikali ya bei za mafuta na stima, ilipotangaza dizeli shilingi 205.47 kwa lita Nairobi na madereva wakakuja ofisini wakiuliza kama gari ikae tu. Kila tarehe 14 ya mwezi, bei mpya zikitoka, anakaa kwa simu kama mtu anangoja matokeo ya hospitali. Sasa mtu anakuja na slaidi anakwambia mafuta yako yatatoka kwa maji na stima ya mvuke wa ardhini ya Olkaria, hakuna meli, hakuna Mombasa, hakuna tarehe 14. Hata mimi ningesikiza. Na stima ya Kenya kweli ni safi, karibu asilimia 90 inatoka kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na usiku wa manane watu wakilala kuna mvuke Olkaria unaachiliwa hewani juu hakuna wa kutumia hiyo stima. Hiyo sehemu ya slaidi zao sikuipinga hata kidogo.

Tukaanza hesabu na mweka hazina, mama mmoja wa kalkuleta kubwa ya Casio na kitabu cha mraba, hataki kompyuta. Akaniambia, "Injinia, usiniambie megawati, niambie yuniti kama za tokeni." Sawa mama. Kupata kilo moja ya haidrojeni elektrolaiza inakula kama yuniti 55, ukiongeza kompresa na mashine za kupoza na kusafisha maji weka 60. Basi la mita 12 linakula kama kilo 8 kwa kilomita 100. Mabasi 5, kila moja kilomita 200 kwa siku, hapo unahitaji kilo 80 kila siku, yaani yuniti 4,800. Akaandika, akapiga mstari chini.

"Na lile la betri?"

Lile la betri la saizi hiyo, ukihesabu na stima inayopotea wakati wa kuchaji, ni yuniti 1.3 hivi kwa kilomita. Mabasi 5 kilomita 200 ni yuniti 1,300. Alirudia kupiga mara mbili akidhani kalkuleta imekwama. 4,800 kwa 1,300, kazi ile ile, barabara ile ile, abiria wale wale. Si ati mashine ya mtu ni mbaya, ndio maumbile ya hii kitu, unapoteza wakati wa kupasua maji, unapoteza ukishindilia gesi, halafu ndani ya basi unapoteza nusu tena ukigeuza gesi irudi kuwa stima. Kwa kila yuniti 100 zilizotoka kwa transfoma, zinafika kwa tairi kama 30. Za betri zinafika 75 hivi.

Sasa pesa. EPRA ilileta bei ya stima ya magari ya umeme 2023, shilingi 16 kwa yuniti na usiku saa za chini shilingi 8, kabla ya tozo na ushuru. Tukaweka 20 kwa mchana iwe rahisi. Haidrojeni hapo ni 1,200 kwa kilo, stima peke yake, ukigawa ni 96 kwa kila kilomita. Basi la dizeli kwa jamu za Nairobi likienda kilomita 2.5 na lita, dizeli wakati huo ikiwa inacheza hapo 170, ni 68. Betri ni 26. Kwa hivyo hata mashine zote ukipewa bure, hiyo gesi ilikuwa ghali kuliko dizeli ambayo mwenyekiti anaikimbia.

Lakini karatasi zao zilionyesha 38 kwa kilomita. Hapo tulikaa siku mbili, nikadhani mimi ndio nimekosea. Kumbe walikuwa wamepiga kila kitu kwa shilingi 8, bila ushuru, siku nzima. Na hiyo 8 ni ya usiku, saa nne mpaka saa kumi na mbili asubuhi, masaa nane. Na iliwekwa kwa kuchaji gari, sasa kama elektrolaiza ni gari nani atakuandikia barua ya kusema hivyo? Hilo swali nililiuliza kwa mkutano na jamaa wa slaidi akasema wako kwa mazungumzo. Haya, tuseme wamekubaliwa. Ukitaka kutoa kilo 80 ndani ya masaa nane badala ya 24, unahitaji mashine mara tatu kwa ukubwa, kilowati 600 badala ya 200, halafu hiyo mashine ya pesa nyingi inakaa bila kazi mchana kutwa. Kwa karatasi walikuwa wamenunua mashine ndogo ya masaa 24 na kulipa stima ya masaa nane. Sidhani walikuwa wakora. Nadhani mmoja alifanya upande wa bei na mwingine akafanya upande wa mashine na hawakukaa meza moja. Inatokea sana, nimefanya hiyo makosa mimi mwenyewe kwa sola.

Na transfoma pale nje ya geti ni ya 200 kVA, yaani hata ile mashine ndogo peke yake ingeimaliza, na inagawana na jirani wa kuoka mikate na ploti mbili za nyumba. Wacha hiyo.

Maji nitapita haraka. Kila mtu aliuliza maji kwanza, juu ni Eastlands na mgao tunaujua. Kilo moja ya haidrojeni inameza lita 9 kwa kemia na zaidi kidogo kwa ukweli, ukiongeza yale yanamwagwa ukisafisha, kwa kilo 80 uko kama lita 1,500 kwa siku. Ile sehemu ya kuosha matatu hapo nyuma ya yadi inamaliza zaidi. Maji hayakuwa shida.

Shida ilikuwa kompresa, na hii ndio naomba mtu akumbuke. Watu wote waliuliza basi. Basi linaenda kilomita ngapi, linabeba wangapi, viti vikoje, linapanda mlima? Hakuna mtu aliuliza kituo. Na kwa hii biashara kituo ndio mnyama mwenyewe. Basi la haidrojeni linajazwa kwa 350 bar. Nilimwambia fundi mkuu wa gereji akacheka, akaniuliza hiyo ni PSI ngapi, nikamwambia kama 5,000. Tairi ya matatu anaijaza 80, 90. Mtungi wa gesi ya kupika uko chini ya 10 bar. Sasa kufika 350 kwa gari, matangi ya kituo lazima yakae juu zaidi ya hapo ndio gesi iteremke, na kinachosukuma yote ni kompresa moja. Haidrojeni ndio gesi nyepesi kuliko zote, inapenya mahali maji hayapiti, inaingia ndani ya chuma kisichofaa inakifanya kivunjike kama biskuti, kwa hivyo sili na vali na mabomba ni ya aina yake, si kitu unaenda kuchukua kwa maduka ya spea Kirinyaga Road. Marekani ambako wamekuwa na hivi vituo miaka, rekodi za matengenezo zinaonyesha kompresa ni kati ya vitu vinaharibika sana. Na Februari 2024, miezi michache tu kabla ya hii mikutano yetu, Shell ilikuwa imetangaza inafunga vituo vyake 7 vya haidrojeni vya magari madogo California.

Kwa hivyo nikauliza swali la kijinga kwa mkutano. Kompresa ikikataa Ijumaa usiku, basi la kwanza linatoka steji saa kumi na moja asubuhi Jumamosi, nani anakuja? Jamaa akajibu vizuri, kwamba kuna mkataba wa matengenezo na mtaalamu atasafiri ndani ya masaa 72. Kimya. Konda mmoja mzee alikuwa amekaa nyuma, sijui hata nani alimwalika, akasema, "Masaa 72 ni siku tatu, boss. Siku tatu abiria wangu ameshazoea gari ya mwingine."

Na si ati ungeenda kujaza kwingine. Dizeli ikiisha hapa unaenda pampu ya pili. Basi la betri ikibidi linaomba chaji kwa yadi nyingine, tangu 2022 mabasi ya umeme yanatembea hapa mjini na sehemu za kuchaji zinaongezeka. Kituo cha pili cha haidrojeni kilikuwa wapi? Hakuna. Usiku wa 25 Agosti 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukawa giza, kila mtu wa umeme aliumia, betri na haidrojeni wote, sitadanganya. Tofauti ni kwamba stima ikirudi chaja inawaka na wewe unaendelea.

Usalama sasa. Hapa mambo yalikuwa moto kwa maana zote. Usiku wa Februari 1, 2024 lori la gesi lililipuka Embakasi, Mradi, watu wakafa na nyumba zikaungua, na EPRA ikasema ilikuwa imekataa maombi ya kibali cha hapo mahali. Kutoka yadi ya sacco hadi hapo si mbali. Wanachama wengine waliona ule moto na macho. Ukisema neno gesi kwa huo mkutano unaona watu wanakaza mikono. Wengine walikuwa wa Sinai ya 2011, ule moto wa bomba la mafuta lililovuja. Huwezi kuleta slaidi ya usalama ya rangi ya kijani kwa watu kama hao ukadhani umemaliza.

Lakini pia nilitaka niwe wa haki. Gesi ya kupika ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini, inatambaa kama maji inatafuta moto. Haidrojeni ni nyepesi mara 14 kuliko hewa, ikivuja nje kwa uwazi inapaa na kupotea. Kwa yadi wazi kusema ukweli iko na uzuri wake. Ubaya ni mbili. Inashika moto kwa mchanganyiko karibu wowote, haidrojeni ikiwa asilimia 4 mpaka 75 ndani ya hewa, na cheche ndogo sana inatosha. Na moto wake mchana hauonekani vizuri. Wale watu wa roketi Marekani zamani walikuwa wanatembea na fagio mbele yao, fagio likishika moto ndio unajua umefika. Hiyo fundi aliipenda sana, kwa wiki mbili alikuwa akiniona anauliza kama nimekuja na fagio.

Ndio tukaenda kuangalia gereji yenyewe na yeye. Ni banda refu la mabati, paa la pembe mbili, na pale juu kwa kilele wameziba na mabati yaliyopinda, kuta za pembeni zimefungwa mpaka juu. Chini yake welda anachomelea fremu ya kiti, cheche zinaruka. Nikamwambia, fundi, basi la haidrojeni likiingia hapa na vali inavuja kidogo kidogo, gesi itaenda wapi? Akaangalia juu. Hakusema kitu kwa muda. Halafu akasema, "Itakaa hapo kama popo." Ndio hivyo. Kwa gesi ya kupika tumezoea kuangalia miguu, hii unaangalia paa. Karatasi zilikuwa zimechora kituo vizuri sana na umbali wa kila tangi, lakini gereji ambapo mabasi yatalala na kutengenezwa haikuwa kwa mchoro hata mstari.

Nilimwambia pia ile ya Norway, Sandvika, Juni 2019, kituo kililipuka, na uchunguzi ukapata ni bolti za plagi ya tangi la presha kubwa hazikukazwa vile inafaa wakati wa kuunganisha. Alitingisha kichwa. "Si sayansi basi, ni spana." Mimi naona alielewa hii biashara kuliko sisi wote.

Kuna mji unaitwa Montpellier, Ufaransa, walikuwa wameagiza mabasi 51 ya haidrojeni, Januari 2022 wakaachana nayo baada ya kupiga hesabu kwamba haidrojeni itawagharimu euro 0.95 kwa kilomita na umeme wa betri 0.15. Na hao ni Wafaransa wenye ruzuku. Nilisoma hiyo kwa mkutano wa mwisho na mwenyekiti akaniangalia kama mtu amefiwa. Nilimhurumia, walai.

Sasa mahali nilibishana na jamaa wa kampuni mpaka tukaachana marafiki. Ukurasa wao wa kwanza ulikuwa na ule mkakati wa serikali wa haidrojeni ya kijani uliozinduliwa Septemba 2023, wakati ule mkutano wa tabianchi wa Afrika ulikuwa KICC. Mimi nikamwuliza, umeusoma? Juu ukiusoma, awamu ya kwanza mpaka 2027 inazungumza megawati 100 za elektrolaiza na kupunguza asilimia 20 ya mbolea ya naitrojeni tunayoagiza. Mbolea ndio iko mbele pale, si matatu. Na inaeleweka. Kwa basi haidrojeni inashindana na betri, na inashindwa. Kwa mbolea haishindani na betri, huwezi kumwagia mahindi betri. Amonia, ile hiyo mbolea inatengenezwa nayo, lazima ipate haidrojeni kutoka mahali, karibu kilo 178 kwa kila tani, na leo duniani karibu yote inatoka kwa gesi asilia na makaa ya mawe. Hapa ndio ile stima ya usiku ya Olkaria iko na maana, juu hauhitaji 350 bar, hauhitaji pampu ya gari, hauhitaji kubeba. Kubeba nako ni mateso, lori zima la tani 40 la mitungi ya chuma linabeba kilo 300 na kitu za haidrojeni, kingine chote unabeba chuma tu kupanda na kushuka escarpment. Ukigeuza iwe mbolea pale pale, unabeba magunia. Karibu na Naivasha kuna shamba la Kenya Nut ambalo tayari liliwekewa mtambo mdogo wa amonia wa sola, wa kutoa kama tani moja kwa siku.

Mweka hazina alikuwa ameacha kuandika. Ako na viazi Kinangop. Akasema 2022 vita vya Ukraine vilipoanza alinunua gunia la mbolea la kilo 50 zaidi ya 6,000, akapanda nusu shamba, nusu akaacha nyasi. Akamgeukia yule jamaa: "Kijana wangu, sasa hii mashine unaniletea Embakasi ya nini?" Jamaa alicheka lakini aliandika kitu.

Uamuzi ulikuwa kukataa, kura hazikukaribiana. Nilipendekeza waanze na basi moja la betri kwa mpango wa kulipa kwa kilomita, waombe transfoma yao wenyewe, na wakae mbali na mkataba wowote wa miaka 10 wa mafuta ambayo yanauzwa na mtu mmoja.

Na hapa nikubali kosa langu. Niliwaambia transfoma itachukua wiki sita. Nilisema hivyo mbele ya watu 40 nikiwa nimesimama. Ilipita miezi saba. Kwanza fomu, halafu njia ya waya ikapita juu ya ploti ya jirani, halafu jirani akataka kulipwa, halafu nguzo. Basi la kwanza la betri lilikuwa linaenda kuchaji nje kila usiku na dereva akinilaani kwa jina. Kama ungeniuliza mwezi wa nne wa kungoja ningekwambia labda yule jamaa wa haidrojeni angalau angeleta transfoma yake. Hesabu haikubadilika, lakini nilikuwa nimeuza betri kama kitu cha kuchomeka ukutani, na si hivyo.

Yule jamaa aliniandikia baadaye akiuliza kama namjua mtu wa ploti upande wa Naivasha. Nikampa namba ya broka mmoja, sijui walifika wapi.

Mara ya mwisho nimepita pale yadi nilikuwa naenda kuangalia chaja. Banda la gereji limekatwa pale juu kwa kilele, mabati yameinuliwa kwa vipande vya chuma, kuna mwanya wa kama futi moja urefu wa paa lote. Nikadhani wamepokea mtu mwingine wa gesi nyuma yangu. Fundi akasema hapana, ni yeye, ile siku tuliangalia juu ndio aliona moshi wa welda miaka yote hauna pa kutokea. Sasa mvua ikinyesha upande wa kaskazini inaingia kidogo, ameweka ndoo.